Kujiandaa kwa Mbio Ndefu za Milimani: Mambo Ambayo Mama na Mlezi Wanapaswa Kujua

Mama uliye jikoni, nyanya unayelea wajukuu, dada unayemtunza mtoto wa mwenzio, sogeza redio karibu. Leo tunazungumza kuhusu mbio.

Najua wengine mtasema, "Mbio ni kazi ya makocha, sisi zinatuhusu nini?" Zinawahusu sana. Anayepika chakula cha mkimbiaji ni nani? Anayefua nguo zake na kuona damu kwenye soksi ni nani? Anayejua kwamba binti hajaulizia pedi kwa miezi minne ni nani? Mara nyingi ni mama au mlezi. Kocha humwona mkimbiaji kwa saa mbili uwanjani. Wewe unamwona siku nzima. Tena mkimbiaji mwenyewe anaweza kuwa wewe.

Sisi Wakenya tunaijua marathoni, ambayo ni kilomita 42 na mita 195. Mbio zozote zinazopita urefu huo huitwa ultramarathoni. Kuna za kilomita 50, kuna za 100, na kuna za 160 na zaidi. Nyingi hazikimbiwi barabarani bali kwenye vijia vya milimani na misituni, palipo na mawe, matope, mito na miteremko mikali. Mfano ni mbio zinazouzunguka mlima Mont Blanc kupitia Ufaransa, Italia na Uswisi, ambazo zilianza mwaka 2003. Ni takriban kilomita 170, na mshiriki hupanda jumla ya mita 10,000 hivi. Wengi hukimbia usiku kucha na kuingia siku ya pili. Siku hizi vijana wetu pia wanazijaribu mbio za namna hii, za milima ya hapa kwetu na za ng'ambo.

Je, mwanamke mwenye mtoto anaweza? Anaweza. Mwezi wa Januari 2019, Jasmin Paris, daktari wa mifugo kutoka Uingereza, alishinda mbio za kilomita 430 hivi ziitwazo Spine Race. Aliwashinda wanawake na wanaume wote, na akaivunja rekodi ya wakati huo kwa takriban saa 12. Binti yake alikuwa na umri wa miezi 14 na bado alikuwa akinyonya, kwa hivyo mama huyo alikuwa akisimama vituoni kukamua maziwa. Lakini hakuamka siku moja na kwenda. Alijiandaa. Na maandalizi ndiyo mazungumzo yetu ya leo.

Nani asubiri kwanza?

Kabla ya mazoezi, mkimbiaji apimwe katika kituo cha afya. Apimwe shinikizo la damu, kiwango cha damu na sukari. Amweleze daktari au muuguzi kama ana pumu, kisukari, ugonjwa wa moyo au wa figo, kama amewahi kuzirai akikimbia, au kama katika jamaa yake kuna kijana aliyefariki ghafla. Aeleze pia kama kuna ugonjwa wa selimundu katika ukoo. Anayetumia dawa za kila siku asiziache kwa sababu ya mazoezi. Aulize namna ya kuzitumia siku atakazokuwa njiani.

Mama aliyejifungua asikimbilie kurudi mbioni. Wataalamu hushauri angalau miezi 3 kabla ya kuanza kukimbia, na aliyepasuliwa huenda akahitaji muda zaidi. Aanze kwa kutembea, na kwa mazoezi ya kukaza misuli ya nyonga na tumbo. Akiona mkojo unamtoka akiruka au kukimbia, au akihisi uzito kama kitu kinataka kutoka sehemu za siri, huo si uzembe wala si aibu. Ni dalili kwamba misuli haijapona. Aache kukimbia na aende kliniki.

Na mtoto wa shule je? Mtoto acheze na akimbie mbio fupi pamoja na wenzake. Hizi za kilomita 50 au 100 si zake. Mifupa yake bado inakua, na mashindano mengi ya aina hii hukubali waliotimiza miaka 18 tu.

Mazoezi: haba na haba hujaza kibaba

Mtu anayeweza kukimbia saa moja bila taabu anahitaji kama miezi 5 au 6 kujiandaa kwa kilomita 50 za milimani. Anayetaka kilomita 100 anahitaji muda mrefu zaidi, na vizuri awe amemaliza mbio fupi kidogo kwanza.

Aongeze kidogo kidogo kila wiki. Baada ya wiki tatu za kuongeza, apunguze kwa wiki moja ili mwili ujijenge. Kila wiki awe na siku moja ndefu ya kwenda polepole, na angalau siku moja ya kupumzika kabisa. Afadhali ahesabu saa alizotembea na kukimbia kuliko kilomita, kwa sababu kilomita moja ya mlimani si sawa na kilomita moja ya lami. Kwenye mlima mkali, kutembea si kushindwa. Hata mabingwa hutembea.

Ajizoeze pia kuteremka. Mteremko ndio unaoumiza misuli ya mapaja kuliko kupanda, na asiyeuzoea hushindwa hata kukanyaga ngazi kesho yake. Kama mbio zitapita usiku, afanye baadhi ya mazoezi gizani akiwa na tochi ya kichwani, asiwe peke yake, na nyumbani wajue ni njia gani amefuata na atarudi saa ngapi. Wiki mbili za mwisho apunguze mazoezi. Mtu hawezi kuongeza nguvu wiki ya mwisho. Anaweza tu kujichosha.

Siku ana homa, asikimbie. Apimwe malaria na apumzike.

Chakula: mwili una bajeti kama nyumba

Mama, wewe unajua bajeti. Mshahara ukiwa mdogo, unanunua unga kwanza, na mambo mengine yanangoja. Mwili hufanya vivyo hivyo. Mkimbiaji anayetumia nguvu nyingi na kula kidogo, mwili wake huanza kupunguza matumizi. Kwa msichana, kitu cha kwanza kukatwa mara nyingi ni hedhi. Baadaye mifupa huanza kudhoofika.

Hapa nataka unisikilize vizuri. Kuna wasichana wanaoambiwa kwamba kukosa hedhi ni dalili ya kuwa tayari kwa mashindano. Si kweli. Msichana aliyekuwa akipata hedhi kisha akaikosa miezi mitatu mfululizo anahitaji kuonwa na daktari. Kwanza ihakikishwe kama ana mimba au hana. Kama hana, aulizwe anakula nini na anakimbia kiasi gani. Vivyo hivyo kwa msichana aliyefika miaka 15 bila kuona hedhi hata mara moja. Ujana ndio wakati wa kuweka akiba ya mifupa. Akiba hiyo isipowekwa, mfupa wa mguu huanza kupata ufa, na uzeeni mgongo hupinda. Wavulana nao huumia: hupungua uzito, huchoka bila sababu, huwa na hasira na hupata mafua mara kwa mara.

Basi zungumza na binti yako. Usimfokee wala usimtishe kumkataza mbio, maana atakuficha. Muulize kwa upole, mkiwa wawili. Na watu wa nyumbani waache kumsifu mtu kwa kukonda.

Chakula chenyewe si cha duka kubwa. Ugali, githeri, wali, viazi vitamu, nduma na chapati hutia nguvu. Maharagwe, ndengu, omena, mayai, maziwa na nyama hujenga misuli. Mboga na matunda hulinda mwili. Mkimbiaji ale mara tatu kwa siku na vitafunio katikati. Akitoka mazoezini apate kitu mapema, kwa mfano uji wa maziwa na yai, si kungoja hadi jioni.

Damu nayo ihifadhiwe. Wanawake hupoteza madini ya chuma kila mwezi kwa hedhi. Anayefanya mazoezi mahali pa juu kama Iten, takriban mita 2,400 kutoka usawa wa bahari, huhitaji madini hayo zaidi kwa sababu mwili unatengeneza damu nyingi. Mpe maini, nyama, omena, maharagwe, managu na terere. Weka chungwa, limau au nyanya kwenye mlo huo, kwani husaidia mwili kuyachukua madini ya mboga na nafaka. Chai isinywewe pamoja na chakula. Ingoje kama saa moja, maana chai huyazuia madini hayo yasiingie mwilini. Vidonge vya kuongeza damu atumie tu baada ya kupimwa, kwa sababu madini ya chuma yakizidi hudhuru ini.

Siku ya mbio, mwili huhitaji gramu 30 hadi 60 za wanga na sukari kila saa. Ndizi moja ya kiasi ina gramu 25 hivi, na vijiko vitatu vya chai vya sukari vina gramu 12. Viazi vilivyochemshwa na kutiwa chumvi, mkate, ndizi na uji mwepesi kwenye chupa hufaa. Lakini chochote atakachokula siku hiyo awe amekijaribu mazoezini. Siku ya mbio si siku ya kujaribu chakula kipya.

Maji: kidogo hudhuru, na mengi huua

Tumezoea kuambiwa, "Kunywa maji mengi." Kwa mtu anayekimbia saa nyingi, ushauri huo una hatari. Ukimimina maji mengi kwenye mchuzi, chumvi hupotea ladha. Damu nayo ni hivyo. Maji yakizidi, chumvi ya damu hupungua, maji huingia kwenye ubongo na ubongo huvimba.

Katika marathoni ya Boston ya mwaka 2002, Marekani, wakimbiaji 488 walipimwa damu baada ya kumaliza. Watu 13 katika kila 100 walikuwa na upungufu wa chumvi. Jambo lililohusiana sana na hali hiyo ni kuongezeka uzito njiani, yaani walikunywa kupita walichotoa kwa jasho. Mwanamke mmoja kijana aliyeshiriki mbio hizo alifariki kwa sababu hiyo.

Njia rahisi ni hii: anywe akihisi kiu, asijilazimishe. Ale pia vitu vyenye chumvi njiani. Lakini chumvi haimwokoi anayekunywa kupita kiasi. Wakati wa mazoezi marefu ajipime uzito kabla na baada. Akipungua kilo moja hivi, ni kawaida. Akiongezeka, alikunywa kupita kiasi.

Dalili za hatari ni pete kubana kidole na mikono kuvimba, kuumwa kichwa, kutapika, kuchanganyikiwa na mitukutiko. Ukimwona hivyo, usimpe maji zaidi. Mpeleke hospitalini upesi, na umwambie mhudumu: "Amekimbia saa nyingi na amekunywa maji mengi." Maneno hayo ni muhimu, kwa sababu dripu ya kawaida ikimiminwa kwa wingi inaweza kuzidisha hali. Matibabu yake ni tofauti.

Dawa za maumivu: figo hazina vipuri

Wakimbiaji wengi hubeba vidonge vya kutuliza maumivu kama ibuprofen au diclofenac. Wengine humeza hata kabla ya kuanza. Mtu akikimbia saa nyingi, damu nyingi huenda kwenye misuli na figo hupata kidogo. Dawa hizi huzidi kupunguza ile damu ya figo. Uchunguzi uliotolewa mwaka 2017 uliwafuata watu wanaokimbia kilomita 80 kwa siku. Zaidi ya nusu ya waliomeza ibuprofen walionyesha dalili za figo kuumia, na miongoni mwa waliopewa kidonge kisicho na dawa walikuwa kama theluthi moja.

Kwa hivyo vidonge hivyo vibaki nyumbani. Maumivu ni mjumbe. Ukimziba mdomo, hutajua alikuja kusema nini. Na baada ya mbio, mkojo ukiwa wa rangi ya chai ya rangi au soda nyeusi, au mkimbiaji asipokojoa kabisa kwa nusu siku, apelekwe hospitalini siku hiyo hiyo. Misuli iliyovunjika imeanza kuziba figo.

Baridi na joto

Msidhani baridi ni ya Ulaya tu. Aberdare na Mlima Kenya usiku huweza kugandisha maji. Tarehe 22 Mei 2021, katika jimbo la Gansu nchini Uchina, wakimbiaji 172 walianza mbio za milimani za kilomita 100. Mvua ya mawe, upepo mkali na baridi viliwakuta mlimani wakiwa wamevaa nguo nyepesi. Watu 21 walifariki, miongoni mwao wakiwemo wakimbiaji hodari sana.

Kwa hivyo kwenye mfuko wa mkimbiaji wa milimani ukague wewe mwenyewe: koti lisilopenya mvua, fulana ya joto ya mikono mirefu, kofia, glavu, tochi na betri za ziada, filimbi, simu yenye chaji, chakula cha akiba, na blanketi jepesi la dharura. Aseme "ni nzito" mara ngapi, abebe.

Mtu aliyeshikwa na baridi hutetemeka, hujikwaa na ulimi huwa mzito. Mtoe kwenye upepo, mvue nguo zilizolowa, mfunike na umpe kinywaji cha moto chenye sukari kama anaweza kumeza. Usimsugue mikono na miguu wala usimpe pombe.

Aliyepigwa na joto kali huchanganyikiwa au kuzirai, na mwili huwa moto sana. Huyu apoozwe kwanza, papo hapo: kivuli, maji baridi mwili mzima, kupepewa. Halafu ndipo apelekwe hospitalini. Usingoje gari ndipo uanze kumpooza.

Miguu, na watoto wanaobaki nyumbani

Raba mpya zisivaliwe mara ya kwanza siku ya mbio. Ziwe na nafasi ya upana wa kidole gumba mbele, kwa sababu miguu huvimba. Kucha zikatwe siku chache kabla. Mafuta mazito ya kujipaka hupunguza kuchubuka mapajani, kwapani na chini ya sidiria.

Mama anayenyonyesha asiogope. Mazoezi hayaharibu maziwa. Anyonyeshe au akamue kabla ya kuondoka, maana matiti yaliyojaa huuma na yanaweza kupata uvimbe wenye homa. Maziwa yaliyokamuliwa kwenye chombo safi hukaa saa 4 mahali pa kawaida pasipo na joto kali, au siku 4 kwenye friji. Na atakayebaki na mtoto aelezwe mapema, si asubuhi ya safari: mtoto anakula nini, dawa zake ziko wapi, na akiugua aende kituo gani. Baba, hapa nakutaja wewe pia. Mama akienda mlimani, jiko lisizimike.

Baada ya mbio, mkimbiaji ale, anywe kwa kiu, alale, na asikimbie kwa wiki moja au mbili. Mwili uliobeba kilomita 100 haudai pongezi tu, unadai mapumziko.

Mambo ya kukumbuka

Mpenzi msikilizaji, kabla hatujaagana, yashike haya matano. Kwanza, apimwe kabla ya kuanza. Pili, ale vya kutosha, na hedhi ikikosekana miezi mitatu, aende kliniki. Tatu, anywe kwa kiu. Nne, asimeze ibuprofen wala diclofenac kwa ajili ya mbio. Tano, abebe nguo za baridi hata jua likiwaka.

Maswali ya kujadili katika kikundi chenu:
1. Katika kijiji chetu, wasichana wanaokimbia huambiwa nini kuhusu uzito wao, na nani anawaambia?
2. Mama akitaka saa mbili za mazoezi kila siku, kazi za nyumbani zitagawanywa vipi?
3. Tukimwona mkimbiaji amechanganyikiwa njiani, tutajuaje kama ni joto, baridi au maji mengi, na kituo cha afya kilicho karibu ni kipi?

Mwenye swali amwone muuguzi au mhudumu wa afya wa jamii aliye karibu naye.